Kabla ya Kusema "Ni ya Ukoo"

Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya figo, wagonjwa wetu wengi wakiwa watu wa vijijini, swali lililonihangaisha kuliko mengine yote ni hili fupi: "Sista, hii ni ya ukoo?"

Anayeuliza mara nyingi si mgonjwa mwenyewe. Ni mama mkwe, au shemeji aliyemsindikiza, au binti aliyekaa kimya pembeni tangu asubuhi akisubiri daktari atoke. Na swali hilo lina mzigo. Ukijibu ndiyo, kuna uchumba utavunjika, kuna mwanamke atanyooshewa kidole kwamba ndiye aliyeuleta ugonjwa ndani ya nyumba, kuna kijana atakayekataa kupima kwa sababu ameshauona mwisho wake kwa baba yake. Ukijibu hapana, wanashusha pumzi, wanaaga, na hakuna atakayerudi kupimwa. Nimeyaona yote mawili, tena mara nyingi.

Nilichokuja kukielewa polepole ni kwamba ugonjwa kuonekana kwa babu, kwa baba na kwa mtoto hakujatuambia bado kama umepita kwenye damu. Watu wa ukoo mmoja wanarithishana damu, sawa. Wanarithishana pia shamba, kisima, kazi, na zile dawa za maumivu zinazokaa juu ya kabati.

Niseme kidogo juu ya figo zenyewe. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kwa siku figo zote mbili huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, karibu yote yakarudishwa mwilini. Kazi hiyo inaendelea hata vichujio vingi vikiwa vimekufa. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake kabla kipimo cha kreatinini, takataka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, hakijapanda kiasi cha kumshtua aliyepo maabara. Ndiyo maana wagonjwa wa vijijini hutufikia wakiwa hatua ya tano, yaani ya mwisho, uwezo chini ya 15 kwenye kipimo ambacho kijana mwenye afya hupata 90 na kuendelea: kichefuchefu, ngozi inawasha, pumzi inakatika, na siku hiyohiyo ya kusikia habari za figo ndiyo siku ya kuambiwa habari za kusafishwa damu.

Waliobadilisha namna yangu ya kuuliza maswali ni ndugu watatu wa tumbo moja. Walikuja kwa kupishana, mkubwa kwanza, akiwa hajafika makamo. Baba yao alikuwa amefariki "kwa kuvimba", ndivyo walivyosema, na babu naye wakasema hivyohivyo. Sukari haikuwapo. Presha ilikuwa juu kidogo tu. Kijiti cha mkojo kilionyesha protini chache mno, na hilo lilipaswa kutufikirisha mapema, kwa sababu magonjwa mengi yanayoharibu vichujio humwaga protini nyingi kwenye mkojo. Kreatinini ikiwa juu na protini ikiwa chache, mashaka yanahamia kwenye mirija ya figo na nyama inayoizunguka. Picha ya ultrasaundi ilionyesha figo zilizosinyaa, bila vifuko vya maji. Mdogo wake alipokuja na picha ileile, kwenye faili kukaandikwa: historia ya familia, ipo. Sote tukatulia. Jibu lilionekana limepatikana.

Aliyetuvuruga ni mke wa kaka mkubwa. Alikuja kupimwa ili amtolee mumewe figo moja. Hana undugu wowote na ukoo ule. Ameolewa akitoka mbali, akaishi pale miaka mingi, akilima bega kwa bega na mumewe. Kreatinini yake ilikuwa juu. Tukarudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwa maana huwezi kuita ugonjwa wa figo kuwa sugu kabla ya muda huo kupita. Bado ilikuwa juu. Wakati huohuo dada yao wa kuzaliwa, mwenye damu ileile ya baba na mama, aliyeolewa mbali tangu msichana, alipimwa akakutwa hana tatizo.

Daktari wetu mmoja, mtu wa maneno machache, aliyaangalia majibu ya wale wanawake wawili akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya. Sikuwa nimesikia. Nilikwenda kusoma, na sijaacha kuwasimulia wauguzi wapya kisa hicho.

Mwaka 1956 nchini Bulgaria, Yoto Tanchev na wenzake waliandika juu ya ugonjwa wa figo uliokuwa ukiwamaliza wakulima wa eneo la Vratsa. Baadaye ulionekana pia Romania, Serbia, Kroatia na Bosnia, daima kwenye vijiji vya kando ya mito inayomwaga maji yake kwenye mto Danube. Ulikuwa na tabia ya ajabu: kijiji hiki kinao, cha jirani hakina, na ndani ya kijiji, nyumba hii inazika kila kizazi, nyumba ile hapana. Nani asingesema ni wa kurithi? Lakini kulikuwa na watu wawili waliokataa kuingia kwenye maelezo hayo. Mmoja ni mhamiaji: mtu aliyetoka kwingine kabisa, akakaa pale miaka 15 au 20 au zaidi, kisha naye akaugua. Mwingine ni mzaliwa wa pale aliyeondoka akiwa mdogo, akazeeka na figo zake nzima. Ndio haohao, mke na dada, niliokuwa nimewapima mimi.

Ufunguo ulitoka upande usiotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina walianza kupoteza figo haraka sana. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1993. Ndani ya vidonge mlikuwa mmeingia mmea wa jamii ya Aristolochia, na nyama ya figo zao ilifanana na ya wakulima wa Balkani. Sasa, mmea mwingine wa jamii hiyohiyo, Aristolochia clematitis, huota kama gugu katikati ya ngano kule Danube. Mbegu zake huvunwa pamoja na ngano, husagwa pamoja, huliwa kwenye mkate. Mwaka 2007 kundi la watafiti la Arthur Grollman likaonyesha alama za sumu ya mimea hiyo kwenye vinasaba vya figo za wagonjwa wa Kroatia. Sumu hiyohiyo huleta saratani ya njia ya juu ya mkojo, na hilo lilikuwa limeonekana miaka mingi kwa watu wale bila kupata maelezo. Kwa hiyo kilichokuwa kikipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kilikuwa shamba na unga.

Sisemi hapa kwamba mitishamba yote ni sumu. Sina hamu ya kuungana na wale wanaowakaripia wagonjwa. Ukiuliza huku umekunja uso, "Unatumia dawa za kienyeji?", utajibiwa hapana, na utaandika hapana, na faili lako litakuwa limedanganya. Mimi huuliza hivi: "Mgongo ukiuma, unachemsha nini?" Hapo wanafunguka. Mimea ya jamii ya Aristolochia imetumika kama dawa sehemu nyingi za dunia, chini ya majina mengi, kwa hiyo jina pekee halinitoshi. Naomba waniletee jani au mzizi.

Kwa ndugu wale hatukupata mmea wowote. Tulichopata ni kazi. Wote watatu, na yule mke, walikuwa vibarua wa shamba kwa malipo ya kipande: ukimaliza eneo lako unalipwa, ukikaa hulipwi. Wanaanza alfajiri lakini jua la saa sita linawakuta bado. Niliwauliza mkojo wao unakuwa na rangi gani saa za mchana. Wakatazamana, wakacheka. Wa kati akasema, "Sista, mchana hatukojoi."

Ukitaka kuelewa uzito wa jibu hilo, angalia Amerika ya Kati. Mwaka 2002 madaktari wa San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, waliripoti kwamba wagonjwa wengi wapya waliofika hospitalini figo zikiwa zimekwisha hawakuwa na kisukari wala presha. Walikuwa wanaume, wengi wao wakulima, wengi wao kutoka ukanda wa pwani. Picha hiyohiyo ikaonekana Nikaragua, Guatemala, Kosta Rika. Chichigalpa, mji wa miwa nchini Nikaragua, una jamii iliyokuja kuitwa kisiwa cha wajane. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba huko El Salvador wakata miwa wa nyanda za chini zenye joto walikuwa na figo mbaya kuliko wakata miwa wenzao wa sehemu za juu zenye ubaridi. Miwa ileile, panga lilelile, jua tofauti. Wafyatua matofali na wachimba migodi wa Nikaragua nao wakakutwa na tatizo. Aprili 2013 mawaziri wa afya wa ukanda ule walitia saini tamko la San Salvador kutambua kwamba huu ni ugonjwa wa jamii za wakulima, na wakataja joto, upungufu wa maji na sumu za mashambani.

Namna joto linavyoumiza figo haina uchawi. Mwili uliokauka hupunguza damu inayokwenda figoni. Misuli inayofanya kazi nzito kwenye joto huvunjika kidogo kidogo na kumwaga takataka zake kwenye damu, asidi ya yuriki ikiwamo. Figo inaumia, inapona usiku, kesho inaumia tena. Siku moja haiui mtu. Misimu kumi inaacha kovu.

Halafu ongeza dawa. Hili ndilo ninalolikuta kila mahali na ndilo linalonikera kuliko sumu zenye majina magumu. Mtu aliyeinama shambani kutwa anaumwa mgongo, anameza diklofenaki au ibuprofeni, asubuhi anameza tena ili aweze kurudi. Mwili unapokuwa umekauka, figo hujilinda kwa kemikali fulani zinazoiachia mishipa yake wazi ili damu ipite. Dawa hizi huzuia kemikali hizohizo. Ni kama mtu amefunga koki siku ambayo tayari maji ya bomba yanadondoka. Kwa kijana aliyekunywa maji vizuri na kupumzika, vidonge viwili vitatu kwa kawaida havileti balaa. Kwa kibarua aliyekauka ni hatari, na anavinunua bila kuulizwa swali hata moja.

Watu wengi wakisikia hayo hukimbilia kusema, basi wanywe maji mengi. Naomba tuwe waangalifu. Anayefanya kazi juani na figo zake bado nzima, ndiyo, anywe, apumzike, apate kivuli. Lakini mgonjwa wa hatua ya mwisho aliyevimba miguu akinywa ndoo ya maji kwa ushauri wa jirani, maji yatamwingia mapafuni. Nimempokea mgonjwa wa namna hiyo usiku, na siyo kitu ninachotaka kukiona tena.

Na kuna maji yenyewe. Kule Sri Lanka, Mkoa wa Kaskazini-Kati, wakulima wa mpunga walianza kuugua kwa wingi tangu miaka ya 1990, na eneo la Uddanam katika jimbo la Andhra Pradesh, India, lina hadithi inayofanana. Yametajwa maji magumu ya visima, floridi, kadimiamu (metali yenye sumu), viuatilifu, joto. Serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku kiuamagugu cha glaifoseti mwaka 2015, ikalegeza marufuku hiyo kwa chai na mpira mwaka 2018. Wanasayansi bado wanabishana, na huenda sababu ni kadhaa zinazosaidiana. Pale sababu ilipothibitishwa bila ubishi ni Japani, bonde la mto Jinzu: kadimiamu ya mgodi iliingia mtoni, ikaingia mashamba ya mpunga, ikaharibu mirija ya figo na kulainisha mifupa ya wanawake hadi ikavunjika kwa kukohoa tu. Serikali ilikiri mwaka 1968, baada ya watu kuumwa miongo kadhaa. Ndiyo maana siku hizi nauliza kisima ni cha kina gani na kuna mgodi gani juu ya mto, ingawa mara nyingi sina maabara ya kupima ninachokishuku.

Je, damu haina hatia kabisa? Inayo, na pale ilipo lazima isemwe waziwazi.

Kuna ugonjwa wa figo zenye vifuko vya maji. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, wa kiume kwa wa kike. Ultrasaundi huuonyesha. Kuna familia ambazo wavulana huanza na damu kwenye mkojo, kisha masikio yanapungua nguvu, kisha figo. Huo ni ugonjwa wa Alport. Hizi ni koo ambazo ukiziambia "ni maji tu ya kisima" utakuwa umewaibia watoto wao nafasi ya kupimwa mapema.

Lakini jeni iliyonifundisha zaidi ni APOL1, kwa sababu inakataa kukaa upande mmoja. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba aina zake mbili, zilizoenea hasa kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, humwongezea mtu hatari ya ugonjwa wa figo. Zimeenea kwa sababu zilikuwa ngao: humsaidia mwenye nazo dhidi ya vimelea vya malale vinavyoletwa na mbung'o. Yaani mazingira ya zamani ndiyo yaliyoichagua jeni, na jeni hiyo sasa inakutana na mazingira mengine. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ghana na Nigeria: karibu theluthi ya washiriki walikuwa na nakala mbili za hatari, moja kutoka kwa kila mzazi, na hata nakala moja, ambayo zamani ilidhaniwa haina neno, iliongeza hatari kiasi. Hata hivyo wengi wenye nakala mbili hawapati ugonjwa maisha yao yote. Mara nyingi huhitajika pigo la pili, na virusi vya Ukimwi visivyotibiwa ni mfano unaojulikana vizuri. Dawa inayoilenga moja kwa moja protini inayotengenezwa na jeni hii imeshaanza kujaribiwa kwa watu, na majaribio ya awali yaliyochapishwa 2023 yalionyesha protini ya kwenye mkojo kupungua karibu nusu. Kwa hiyo hata mwenye jeni nina la kumwambia: tibu virusi, dhibiti presha, acha diklofenaki, pima mkojo kila mwaka.

Kuna urithi mwingine wa tatu, ambao si jeni wala kisima, na ninadhani ndio unaosahaulika zaidi. Vichujio vya figo huumbwa tumboni, na kazi hiyo hukamilika kama wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo haviongezeki. Mtoto aliyezaliwa njiti, au mdogo mno kwa sababu mama alikuwa na njaa au malaria, anaanza maisha na vichujio vichache, na vichache hivyo hufanya kazi ya vingi hadi vichoke. Hatari hiyo iliandikwa na daktari wa figo Barry Brenner na wenzake mwaka 1988. Mama aliyezaliwa mdogo, akalima na mimba yake juani, akazaa mtoto mdogo, ambaye naye akaenda shamba lilelile: ukiuchora ukoo huo kwenye karatasi utafanana kabisa na ugonjwa wa kurithi. Kilichorithiwa pale ni umaskini. Daktari wa vinasaba hataupata hata akitafuta mwaka mzima.

Siku hizi mgonjwa mpya akifika, nachora ukoo wake, na pembeni ya kila jina naandika mambo mengine: aliishi wapi, alikunywa maji ya wapi, alifanya kazi gani, alizaliwa na uzito gani kama mama anakumbuka, anameza nini akiumwa mgongo. Naweka alama nyekundu kwa waliooa na kuolewa ndani ya nyumba, na kwa waliohama. Hao ndio ninaowatafuta kwanza, maana majibu yao yananiambia zaidi kuliko ya watoto wa kuzaliwa. Namwomba mgonjwa alete nyumba nzima kupimwa, si ndugu wa damu tu. Kijiti cha mkojo na kreatinini vinatosha kuanzia. Msimamizi mmoja aliwahi kuniambia kwamba fomu inahitaji ndiyo au hapana na mimi nachelewesha foleni. Ni kweli nachelewesha.

Kaka mkubwa sasa anasafishwa damu. Mkewe yuko hatua ya tatu. Ameacha kibarua na dawa za maumivu, na kreatinini yake haijapanda tangu hapo. Wa kati naye anashuka polepole, kwa sababu alirudi shambani. Mdogo wa mwisho ndiye aliyenishinda hoja. Figo zake zimeguswa kidogo tu, nikamwambia afanye kama walivyofanya baadhi ya wakata miwa wa Nikaragua, ambako mapumziko ya kivulini yalipoongezwa kwenye ratiba ya kazi, figo zilizoumia ndani ya msimu zilipungua. Akanisikiliza hadi mwisho. "Wale walilipwa wakiwa wamekaa?" akauliza.

Nikaandika barua kwa msimamizi wa shamba, daktari akaweka saini. Tulieleza dakika za kupumzika, maji karibu na mstari wa kazi, kivuli cha turubai, na mwishoni tukaongeza kwamba mapumziko yahesabiwe ndani ya malipo, kwani asiyelipwa hatakaa. Maji yamepelekwa. Turubai limepelekwa. Kuhusu malipo, jibu lililokuja ni kwamba suala hilo linaangaliwa, na kijana kila akija kupima namwuliza kwanza lilipofikia kabla ya kumfunga mkanda wa presha.